Kosa la Mayala

Lagangabilili, Itilima,
14 Juni 2025.

Mpendwa dada Esteria,

Mwadila, dada yangu! Hamjambo huko Njombe? Shemeji Clement anaendeleaje, na kikohozi cha Judica kimepungua na hiyo baridi yenu? Sisi huku miili ni mizima. Pamba tunachuma, na mama yetu, mayu, bado anagombana na kuku wa jirani.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia tu, na mayu atasikia.

Dada, niko hapa nyumbani wiki ya tatu. Nimemwacha Mayala kule Nkololo. Usishtuke, hajanipiga, hana mwanamke, halewi. Shida ni zile simulizi za mapenzi ninazosoma kwenye simu. Kuna moja, mke anaondoka bila kuaga ili aone kama anapendwa. Mume anamfuata mbio, anapiga magoti getini, analia. Nikamtazama wangu anakula ugali kimya, miaka sita hajaniambia "nakupenda" hata kwa bahati mbaya. Nikasema na mimi nitampima. Ujinga gani huu, jamani!

Nilisahau kwamba kwetu mume hamfuati mke peke yake. Alikuja na baba yake mdogo, mzee Ngassa, wakakaa uani na baba. Nikaitwa, baba akaniuliza, "Amekukosea nini?" Dada, ningesema nini? Kwamba hajapiga magoti? Nikanyamaza, nikatazama chini. Basi baba akaona kosa ni zito mno, halitamkiki mbele za watu. Akawaka! Amesema sirudi Nkololo hata waje ukoo mzima.

Mayala hakubisha. Alisema tu, "Kama ameondoka, kosa lipo. Silijui, lakini naomba radhi." Kwangu hiyo ndiyo "nakupenda" niliyokuwa naisubiri miaka yote, na bado nilishindwa kufungua mdomo. Wakachukua baiskeli zao wakaenda.

Jana jirani yetu wa Nkololo, Nyanjige, alipita hapa akitoka mnadani. Anasema Mayala hatulii. Ameziba paa la jiko lililokuwa linavuja. Amejenga bafu nililolilia tangu mwaka juzi. Yule mbwa niliyekuwa namwogopa amempa mtu. Kila akimaliza kitu anamwita Nyanjige na kumuuliza, "Au ni hili?"

Nimechoka kulia, dada. Kesho tukitoka kanisani nitamwambia baba ukweli, aibu yote inishukie mimi. Wewe ukipata barua hii mpigie umtulize, maana wewe anakusikia. Lakini hasira za baba siziogopi sana. Ninachoogopa ni Mayala akijua kwamba kosa analolitafuta halikuwepo.

Nisalimie shemeji na umbusu Judica. Mayu anasema mle vizuri, na Mungu awafunike huko kwenye baridi. Mniombee na mimi.

Ni mdogo wako akupendaye,
Nyamizi, mke wa Mayala kama bado atanitaka.