Mke Wangu Amehamishia Sala Jikoni

Mshauri mpendwa, pokea salamu, na kabla sijaomba huo msaada wako ujue kwanza unasoma barua ya nani. Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja, nimewazika mafundi wote niliojifunza nao useremala, nimezika mashine za kupasulia mbao zilizokuja mpya mbele ya macho yangu, na nimemzika hata daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku sitauona uzee, nilikwenda mazishini kwake na kiko changu mfukoni na jeneza nililitengeneza mimi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, shule niliionja tu sikuimaliza, kwa hiyo mahali nukta imepotea uitafute mwenyewe.

Mimi ni seremala, watu wananiita Mzee Randa. Kanisani kwetu mabenchi yote, mimbari, mpaka sanduku la sadaka ni mkono wangu, ukiinama chini ya benchi lolote utakuta alama yangu nimeichoma kwa chuma cha moto, na sisemi hivyo kwa majivuno, ni ukweli tu.

Sasa mwanzo wa mwaka huu binti anayetufundisha kwenye kikundi cha wazee, binti mwenye adabu sana ila sauti yake ndogo kama anaogopa kumwamsha kuku aliyelalia mayai, akatuambia kila mtu achague jambo moja dogo la kumkuza kiroho. Akasema tuweke malengo ya pole. Mimi nikashangaa, pole anapewa aliyefiwa au anayeumwa, mimi sijafiwa wala siumwi, malengo ya pole ya nini? Wenzangu wakaanza kutoa vya kwao, dereva mstaafu anayekaa jirani yangu akasema atajifunza kusali bila kuangalia saa, mama mmoja fundi cherehani akasema atamsalimia jirani waliyenuniana naye, na watu wakaitikia amina utadhani wamesikia jambo. Nikasimama. Nikasema malengo ya wagonjwa nawaachia wagonjwa, mimi mwaka huu nitafunga kula kila wiki, alfajiri hadi jua lizame, na nyumbani nitaongoza sala kila jioni, magoti sakafuni, hadi niwe nimemtaja kwa jina kila mtu tunayemjua. Dereva akanivuta shati akaninong'oneza, "Mzee Randa, kaa chini, unamtisha hata Mungu." Sikukaa hadi nilipomaliza.

Nami nikisema nimesema. Nilianza siku hiyohiyo, na mambo yakaenda vizuri, yaani kwa upande wangu yalikwenda vizuri. Zamani sala yetu mimi na mke wangu ilikuwa fupi, tukishakula yeye anaanza, mimi naitikia amina, tunakwenda kulala. Nikaona hiyo ni sala ya watoto. Nikaibadilisha.

Siku moja ya kufunga nikiwa karakana nilipata kizunguzungu kidogo, watu wanasema nilianguka lakini sikuanguka, nilikaa ghafla. Mke wangu akaja mbio na kikombe cha maji na dawa yangu ya presha, akasema, "Pole, baba." Nikamwambia pole ya nini, mimi nimefunga siumwi, rudisha hayo maji. Akayarudisha.

Jioni nyingine alikuja mkwe wetu, mke wa kijana wetu mkubwa, na wajukuu. Nikaongoza sala kama kawaida, na siku hiyo ilikuwa inatoka vizuri hasa, nimefika upande wa ndugu wa marehemu mama yangu, mara nasikia mke wangu anajishika kwenye kiti anainuka. Ana goti moja linavimba, la muda mrefu, si jipya. Bila kufumbua macho nikasema, "Goti la mwenye imani haliumi." Nilisema kwa nia njema, kumtia moyo. Mkwe akakohoa. Mke wangu akarudi chini, akapiga goti hadi mwisho, akasema amina, akaenda kuosha vyombo.

Tangu siku ile anasali jikoni. Anafunga mlango, namsikia ananong'ona kidogo, kisha kimya, kisha sufuria. Nilimfuata nikamuuliza ndiyo nini hii, akaniambia, "Wewe endelea kuwataja watu, baba. Mimi Mungu ananisikia hata nikikaa." Kwa upole kabisa, ingekuwa bora angenifokea ningejua pa kushika.

Sasa nasali sebuleni peke yangu. Sauti inagonga ukuta inanirudia. Na jambo ambalo sikulijua, majina nikifika katikati yananipotea, kumbe mengi alikuwa ananinong'oneza yeye. Mwisho wa mwezi kikundi kinakutana, kila mtu ataeleza amefika wapi, na yeye atakuwa ameketi palepale upande wa akina mama. Nitasimamaje niseme naongoza nyumba yangu kwa sala wakati nyumba yenyewe iko jikoni? Tumesali pamoja tangu nywele zetu nyeusi, mshauri. Chakula anapika, chai ananipa, salamu ananipa. Sala ndiyo ameninyima.

Kwa hiyo naomba umwandikie. Gazeti lako analisoma mwanzo hadi mwisho. Mwambie mahali pa mke kusali ni sebuleni na mumewe, maneno yako atayasikia.

Niliyoandika si ya kutunga. Muulize dereva, alikuwepo niliposimama. Muulize mkwe wangu, alikuwepo siku ya goti. Ukipenda muulize na mke wangu mwenyewe, siku hizi haongei nami sana lakini uongo hasemi.

Ni mimi, seremala wa mabenchi.

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Nakuamkia mapema na kwa heshima zote, maana yanayofuata huenda usiyapende.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifika kwenye goti la mama nikaacha kucheka.

Tuanze na mwili. Kufunga kwako kusimame leo, umeze dawa yako na ule, hadi daktari akuruhusu, na safari hii uulize daktari aliye hai. Mtu wa umri wako mwenye presha hakai ghafla, anaanguka. Mungu hajakuagiza umwache mwenzako mjane ili wewe upigiwe makofi kikundini.

Tuje kwenye masikio. Yule binti hakusema malengo ya pole, baba yangu. Bila shaka alisema malengo ya upole. Yaani mtu aende taratibu na nafsi yake mbele za Mungu, ashike jambo dogo, alilee, limkuze. Misumeno imekula masikio yako, na pale masikio yalipoishia majivuno yakamalizia. Dereva wako ameelewa. Mama wa cherehani ameelewa, na aliyoyachagua yule mama ni magumu kuliko njaa yako ya kila wiki, maana kumsalimia uliyenuniana naye hakuna wa kukushangilia.

Lakini ngoja. Ulisikia vibaya, ukaokota lengo lako lenyewe. Isome tena barua yako uone neno pole limepita wapi. Kikundini umelikataa. Karakana, mke wako amekuletea pole na maji, umevirudisha vyote viwili. Na siku goti lake lilipomwelemea mbele ya mkwe na wajukuu, neno hilohilo lilihitajika, ukatoa mahubiri. Hukumtia moyo, mzee wangu. Ulimwambia mbele ya watu kwamba hana imani, na yeye akapiga goti bovu hadi mwisho ili usiaibike wewe. Hebu kaa na hilo kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Unataka nimwandikie arudi sebuleni. Simwandikii. Yeye hajaiacha sala, kila jioni unamsikia. Kinachomsumbua ni kusali chini ya msimamizi.

Wewe ni fundi, nikuulize jambo unalolijua kuliko mimi. Randa ukiishusha makali mno ili umalize ubao kwa mkupuo mmoja, inakuwaje? Ubao unachanika. Unaondoa nyembamba, unapita tena, unaondoa nyembamba. Basi moyo wako nao ufanyie hivyohivyo, na wa mkeo usiuguse kabisa, huo si ubao wako.

Fanya hivi. Umetengeneza mabenchi ya kanisa zima, na mke wako anajishika kwenye kiti ili ainuke sakafuni. Nenda karakana uchague ubao mzuri, umtengenezee kigoda cha kusalia, cha kukaa huku mguu wake umenyooka. Kimo usikikisie, muulize yeye, na akikujibu usimkosoe. Alama yako usiichome. Ukimaliza usimwite sebuleni, kipeleke wewe jikoni, usimame mlangoni, useme, "Pole na goti, mama. Pole na maneno yangu." Hapo weka nukta, hiyo usiipoteze. Usiongeze "lakini". Usieleze nia yako ilikuwa njema. Akikukaribisha, kaa. Akisema si leo, acha kigoda uondoke, na kesho jioni urudi bila kununa.

Na atakapokukubali, sala aianze yeye kama zamani, wewe uitikie amina. Uliiita sala ya watoto. Mimi naiita sala iliyowafikisha hadi kwenye mvi. Hilo ndilo lengo lako la mwaka mzima, kusema pole panapohitaji pole, na amina kwa sala ya mwenzako. Ni dogo, ndiyo. Nakuhakikishia litakutoa jasho kuliko mimbari.

Mwisho wa mwezi zamu yako ikifika kikundini, sema lengo ulilianza vibaya na umelianza upya. Ukishindwa kulisema, kaa tu kimya, benchi ni la kwako.

Umenitajia mashahidi. Dereva simhitaji, na mkwe wako mwache apumzike, amekohoa vya kutosha. Namtaka huyo uliyemweka mwisho, asiyesema uongo. Najua anasoma hapa. Mama, pole na goti. Hiyo ni ya kwangu, ya mumeo iko njiani, na ikifika, wewe ndiye shahidi.