Maharagwe ya Mbegu

Mweso, siku ya tatu ya juma, jioni

Wewe binti yangu, mavuno mawili yamepita na hujafika kumuona mutoto wako! Goma iko Ulaya? Basi nakusema humu ndani ya kaye yangu, hili daftari, kwa hizi herufi nilizojifunza kanisani nikiwa na mvi tayari.

Leo Neema wako amegawa mbegu. Maharagwe niliyochagua moja moja, ya kupanda kesho! Nimetoka kuchota maji nikakuta beseni imebaki nusu. Amemupa mama mumoja mukimbizi aliyepita na watoto wake.

"Neema! Tutapanda nini, mawe?"

"Koko, bibi yangu, si ni wewe ulisema mwenye njaa asipite mulango wetu."

"Nilisema chakula, sikusema mbegu!"

"Watoto walikuwa wanalia. Maharagwe haiko chakula?"

Fimbo ilikuwa tayari mukononi. Nikaiweka chini.

Tangu hapo najiuliza. Sala namufundisha kila jioni, anasinzia katikati. Katekisimu inamutoka kama maji kwenye kitunga. Lakini neno lile la mwenye njaa nilimuambia jirani tu, nikimenya mihogo, hata sikumuangalia mutoto. Liliingia wapi? Na yapi mengine yameingia, na huu mudomo wangu...

Nusu ya shamba itakaa bure. Naogopa, sifichi. Lakini nataka kuona huyu mutoto atakuwa muntu gani.

Ukikuja, leta mbegu. Usinipe mimi. Umupatie yeye mukononi, na usimuambie za kufanya nini.