Wakili wa Ng'ambo ya Daraja

Duluth, Jumanne

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na Mama bado anakukataza kupanda ngazi kusafisha paa. Huku tu wazima, ila siku ya tano leo nina jambo linalonisumbua, na nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Habari ya leseni ya uwakili unaijua. Miaka kumi na miwili nimetetea watu Superior, jimbo la Wisconsin, ng'ambo ya daraja, na ofisi yetu ilipofungwa Bi Lorraine, mwenye ofisi ya mawakili, akaniahidi kazi hapa Duluth nikishapata leseni ya jimbo hili la Minnesota. Kurudia mtihani sihitaji, miaka yangu inatosha. Bodi ya leseni inachotaka ni karatasi. Mungu wangu, karatasi! Kila nyumba niliyolala, kila bosi, kila mteja aliyewahi kuninung'unikia. Nawe ukaniandikia barua ya kunidhamini. Zilibaki wiki tatu tu leseni itoke, na mpaka ziishe mimi upande huu si wakili, ni mtu tu aliyevaa suti.

Sasa kuna jirani yangu, Darlene, mama wa miaka sabini anayepumua kwa mashine ya oksijeni. Mwenye nyumba alimshtaki ili atolewe. Akaniomba nimsindikize mahakamani. Nilimwambia waziwazi kwamba nitamshika mkono tu, mdomo nimeuacha Wisconsin. Akacheka, akasema mkono unatosha.

Hakimu alikuwa na mafaili tele. Akamuuliza Darlene kama ana la kusema kabla hajatoa amri. Darlene akafungua mdomo, pumzi ikamkatika. Nami nilikuwa nimeshaisoma notisi ya kumtoa: siku alizopewa ahame zilikuwa pungufu ya zile za sheria. Nikasimama, nikasema, "Mimi ni wakili wake, mheshimiwa." Dakika nne tu, kesi ikatupwa.

Kwenye korido akanifuata Keith Brandvold, wakili wa mwenye nyumba, tunayetaniana naye tangu Superior. Hongera bwana, akasema, leseni umepata lini, mbona hata keki hatujaiona? Nikamwambia bado sijapata. Tabasamu likamfutika. Akasema sheria inamlazimu kuniripoti, ila ananipa hadi Ijumaa nijiripoti mwenyewe. Nilipompigia Bi Lorraine alinifokea, hivi wewe una akili timamu kweli? Kisha akapoa, akanishauri niiandikie bodi kwamba ni mazoea tu, nilisimama bila kufikiri. Wangeamini. Wangenikaripia, basi, yakaisha.

Baba, hayakuwa mazoea. Nilikaa pale nikafikiri. Nilijua sina leseni, nilijua hakimu hataniuliza, nikafunga kifungo cha koti, ndipo nikasimama. Nilimdanganya hakimu kwa makusudi, na hivyo ndivyo nilivyowaandikia leo asubuhi. Bahasha imeshaenda. Wisconsin nao watanihoji, na huenda nikakosa kote kuwili. Naogopa, sikufichi.

Kwenye barua yako uliandika kwamba binti yako hajawahi kumdanganya hakimu. Tafadhali, waandikie waifute sentensi hiyo. Zilizobaki, kama bado unaziamini, nakuachia wewe.

Mama mpe salamu zangu zote, umwambie nitakuja mwenyewe kusafisha hilo paa, nafasi sasa ninayo. Darlene bado yuko kwake; hata ninapoandika naisikia mashine yake ng'ambo ya ukuta. Naona aibu, Baba, lakini sijuti, na hilo pia nimewaandikia.

Binti yako,
Marit