Mawe Yaliyoinamia Nyumbani Kwetu

Baba,

Ulikuwa sawa, na safari hii hakuna aliyecheka.

Unaukumbuka ule mkutano wa chifu hapa Taru, ulipowaonya kwamba machimbo yanakata mguu wa kilima na tabaka za mawe zitateleza juu ya nyumba? Mhandisi wa machimbo alinyoosha kidole kwenye ukuta wa mawe uliokatwa kilimani, akasema mistari yote imelala sawasawa kama sakafu. Kisha akakuambia, "Mzee, si wewe uliyekuwa ukiwabebea wanajiolojia mifuko?" Watu wakacheka. Ulirudi nyumbani, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa kando ya kitanda chako wodini Msambweni, nikikulisha uji ambao hukuutaka.

Ndiyo, ulibeba mifuko. Miaka ishirini. Lakini macho hukuyafungia mfukoni. Nilikuwa darasa la sita uliponifundisha: weka dira juu ya bapa la jiwe, tafuta mstari usiopanda wala kushuka, huo ndio mwelekeo wake. Kisha mimina maji. Yanakokimbilia ndiko jiwe linakoinamia, nawe upime, kwa kipimo kilicho ndani ya dira, limeinama nyuzi ngapi. "Ukijua moja bila la pili, hujui kitu," ulikuwa ukisema.

Baada ya matanga, baba mdogo aliniambia niiache dira yako, nirudi Diani nikatandike vitanda vya wageni. Nilirudi. Nikaomba likizo, nikapanda tena Taru siku ya mkutano wa pili. Niliwaamkia wazee, kisha nikamgeukia yule mhandisi. "Umeutazama ukuta kwa mbele tu. Jiwe likikatwa kufuata mwelekeo wake, mistari huonekana imelala, hata kama tabaka zinakujia usoni. Twende ubavuni, kule korongoni."

"Wewe si wa hotelini?"

"Naam. Twende."

Walikuja wote. Kule tabaka zilionekana wazi, zimeinama. Niliweka dira: nyuzi thelathini na tano, kuelekea nyumbani. Hesabu ileile uliyoiandika kwenye daftari lako, Baba. Nikamimina maji, na Mama Kadzo, jirani yetu, akayafuata kwa macho mpaka kwenye paa la jiko lake.

"Kumbe yaja kwangu," akasema.

Kesho yake yeye na kina mama wenzake waliketi kwenye lango la machimbo, na lori halikupita. Kazi ikasimamishwa. Watu wa nyumba nne wakahamishwa, Mama Kadzo akiwa mmoja wao.

Mvua zilipokuja, bapa zima liliteleza likaliponda lile jiko. Halikuwa na mtu. Mama Kadzo alikuwa kwa dada yake, akisonga sima.

Mhandisi alinijia faraghani kuomba radhi. Nilikataa. "Ulimcheka mbele za watu. Kayaseme mbele za watu." Akayasema. Nilidhani nitafurahi. Nililia, Baba, nililia mpaka Mama Kadzo akanishika mabega.

Sasa pumzika, usituhangaikie. Nimeandikishwa chuoni kusomea miamba. Baba mdogo asema nimechelewa, mwanamke wa miaka thelathini na moja. Na aseme.

Wanafungua machimbo mengine upande wa pili wa kilima. Hawajaniita. Nakuahidi nitakwenda.

Mwanao,
Mbeyu