Alama Zangu za Kukaa Kwenye Kiti

Jumamosi, mtaani kwetu Katuba. Vumbi limeingia mpaka kwenye sahani, na mie nina hasira tangu saa nne ya asubuhi.

Binti mmoja alikuja kutoka kituo ninakofanyia mazoezi ya mkono kila Jumatano. Tangu kiharusi kinipate, miaka mitatu sasa, mkono wa kuume ni kama wa mtu mwingine. Alileta karatasi ya maswali: ninapika? Ninaenda sokoni? Ninashiriki shughuli za watu? Jibu ni kila mara, mara moja moja, au hapana. Eti wanapima namna mgonjwa anavyoishi na wenzake.

Niliyafurahia maswali yale, sitadanganya. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ila kabla sijafungua mdomo, wifi yangu Mado alikuwa amekwisha kuvuta kiti na kukaa kati yetu.

"Ku kilio anaendaka?" binti akauliza.

"Kila mara! Hakuna kilio yenye anakosa. Sisi benyewe tunamubebaka."

Ni kweli, wananibeba. Tukifika msibani wananikalisha kwenye kiti cha plastiki, upande wa wazee wanaume. Wanawake wenzangu wako chini kwenye mikeka, wanachambua majani ya sombe, wanasonga ugali, bukari yetu, wanasengenya, wanalia, wanacheka kichinichini. Mie naletewa sahani ya kwanza, kama mgeni. Zamani mwiko wa sufuria kubwa ulikuwa wangu. Mtaa mzima ulijua: bukari ya kilio, muite Mama Béa.

Sokoni? Kila mara, kwa kuwa vya sokoni ninavila. Kupika? Kila mara, kwa kuwa jiko ni langu. Mado alijibu yote.

Na mie nilinyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia. Ningesema mbele ya mgeni kwamba hawaniachii hata kisu, ningekuwa nimetangaza kwamba ukoo wa bwana wangu unanitesa. Mke wa watu hafanyi vile. Tena hawanitesi. Wananihurumia, na huruma yao imenichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Binti akajumlisha, uso ukamng'aa. "Mama, uko unashiriki muzuri sana! Nafasi yako ya Jumatano tutaipatia mugonjwa mwenye iko na shida kupita weye."

Mado akapiga makofi. Makofi, jamani!

Nami nikasema aksanti.

Hakuna anayejua kwamba Jumatano hii, kule kituoni, vidole vyangu vilishika mwiko. Nilihesabu mpaka kumi kabla haujaanguka. Nililia pale pale, yule anayenifanyisha mazoezi akadhani nimeumia. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilitaka waone wenyewe, siku ya kilio, nikishuka kwenye kile kiti na kuomba sufuria. Sasa nimeondolewa kwa sababu ninakikalia vizuri.

Ee Mungu, mbona sikusema?

Bwana wangu ameniuliza kwa nini sikugusa chakula. Nimemjibu ni joto.

Jumatatu nitaenda kituoni peke yangu, hata kama nitafika mchana. Nitamwambia yule binti aniulize upya. Sokoni, hapana. Kupika, hapana. Kilio, hapana, hapana kabisa. Ukoo ukiona haya, na uone. Mado akitaka kunifuata, nitamwambia abaki nyumbani akalie kile kiti, aone kama anashiriki.