Mapasa wa Chini ya Gari

Kaka Thierry,

Maharagwe yako kwenye sufuria. Nawa kwa sabuni, si kwa petroli.

Asubuhi, ukiwa umelala chini ya gari lako la Kiamerika, ulipiga kelele kwenye simu: "Mapasa yangu inafika leo! Nimeingoja miezi sita!" Mheshimiwa fundi, ulimaanisha turbo mbili za malori mabovu, utakazochomelea moja kila upande wa injini. Mama alisikia pacha, watoto wawili.

Ulipokwenda kuzipokea barabarani, Mama alinishika mkono. "Francine iko na mimba ya mapasa, na mutoto wangu ananificha!" Amevaa kitenge kipya na kukamata jogoo wawili, maana mapasa hupewa kila kitu viwili viwili. Sasa tunakwenda kumpongeza baba yake Francine, Papa Sebarenzi, shemasi, wiki tatu kabla ya harusi yenu. Francine mwenyewe hana habari ya mimba yoyote.

~~Nilijaribu kumweleza Mama.~~ Sikumweleza. Umesema mara mia kwamba watoto wa internat, shule ya bweni, hatujui mambo ya mekanike, basi nimenyamaza.

Pita njia ya mashamba, utatukuta kabla ya kilima cha mwisho. Kimbia kwa miguu. Gari lenye mbio kuliko yote Masisi bado limekaa juu ya matofali.

Jogoo mmoja nitambeba mimi. Nitamwacha atoroke mara moja, tupoteze muda tukimkimbiza. Ukichelewa zaidi ya hapo, oa turbo zako.

Dada yako mdogo, shangazi yao