Insha Yangu ya Kiingereza na Macho ya Bibi

Bweni la Wasichana la Pili,
Chumba cha 14,
Chuo Kikuu.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Uliniambia siku hizi unashona huku mguu mmoja umeuegesha juu ya kigoda. Naomba na wa pili nao upate zamu yake, na wateja wanaotaka gauni lao leo leo uwaambie wangoje. Mimi sijambo. Yale mafua yameniachia, chakula nakula, na usingizi naupata kuliko ninavyostahili.

Bibi naye anaendeleaje? Nauliza nikijua ni yeye aliyekufanya ushike kalamu. Umetaka nikuambie nani mwenye haki, wewe au Baba. Baba anataka mama yenu afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho mwisho wa mwezi huu. Wewe unasema mama wa watu ameshazeeka, aachwe na mwanga mdogo alio nao. Baba ameniuliza swali hilohilo kwa simu, na kila mmoja wenu ananiambia nisimwambie mwenzake. Jibu ninalo, na nitakupa humu humu. Ila nivumilie kidogo, maana nimelifikia kwa kuzunguka, na mzunguko wenyewe umepitia darasa la Kiingereza.

Niliondoka nyumbani nikijigamba kwamba Kiingereza si tatizo, si ndiyo? Basi hapa nimekuta Kiingereza kingine kabisa. Kabla hatujagusa masomo yenyewe ya udaktari wa mifugo, sisi wa mwaka wa kwanza tunapitishwa muhula mzima kwenye somo la kusoma na kuandika Kiingereza cha chuo. Ukifeli unalirudia, wenzako wanasonga mbele. Wiki za mwanzo nilikaa darasani kimya. Mimi, Shangazi. Mimi mliyeniita Chiriku kwa sababu hata sindano ya ganzi ya daktari wa meno haikuninyamazisha.

Sio kwamba sikuwa nasikia maneno. Niliyasikia, tena niliyaandika yote, mkono ukauma. Nikirudi chumbani nakuta kurasa zimejaa na kichwa kitupu. Kitabu nacho nikikifungua nilikuwa natafuta kila neno kwenye kamusi, nikifika mwisho wa ukurasa nimeshasahau mwanzo ulikuwa unahusu nini. Nilianza kujiambia labda mimi ni wa kuongea tu, kusoma ni kwa wengine. Nililia pia. Nakuambia wewe, Mama usimwambie, atapanda basi aje.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu. Namwita Kamanda kwa jinsi anavyopenda kuamrisha. Siku moja alininyang'anya kamusi akaniweka kwenye stuli, akaanza kukata vitunguu. Akataka nimsimulie kwa Kiingereza changu mwenyewe nilichosoma, kitabu kikiwa kimefungwa. Kanuni yake ni kwamba kama yeye hajaelewa huku anakata vitunguu, basi mimi ndiye sijaelewa. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya kila jioni. Yeye anapika, mimi nasimulia, na mara nyingi ananirudisha kwenye kitabu kabla maji hayajachemka. Ndiyo namna nilivyojifunza kuandika kwa maneno yangu, maana hapa ukichukua sentensi ya mtu bila kumtaja, wanakuhesabu mwizi.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mwembamba, mwenye miwani ya kamba, tunamwita Mama Kwa Nini. Hafoki. Anasahihisha kwa kalamu ya kijani, na pembeni mwa kila unachodai anaandika swali hilo tu. Ukiandika ng'ombe ni mnyama muhimu, atakuuliza kwa nini. Wenzangu wanamwogopa. Mimi nilimpenda mapema, ila yeye alichelewa kunipenda.

Sasa sikiliza kituko. Insha ya kwanza tulipewa makala mbili za wataalamu wanaopingana. Mmoja anasema ng'ombe wa maziwa afungiwe zizini na kuletewa majani, mwingine anasema aachwe atembee ajitafutie. Tukaambiwa tuandike ni yupi mwenye hoja yenye nguvu. Nikasema hapa nimefika kwetu. Si umenilea kwenye kusuluhisha? Tulipogombana sisi watoto, ulikuwa unatukalisha mkekani, kila mmoja anataja zuri la mwenzake, unafunga kikao kwa kusema kila mtu ana lake, tunakwenda kula. Basi nikawakalisha wale wataalamu. Huyu nikampa nusu, yule nikampa nusu. Nikamwombea msamaha mmoja wao kwa lugha yake kali. Nikamaliza kwa kuwasihi waheshimiwa hao wawili wakutane ana kwa ana, wayamalize kwa amani.

Mama Kwa Nini alisoma mwisho huo mbele ya darasa, bila kutaja jina langu. Kisha akatufahamisha, kwa upole kabisa, kwamba mmoja wa waheshimiwa hao alifariki zamani, kabla mimi sijazaliwa. Darasa lilicheka mpaka mtu akadondosha kiti. Nilicheka na mimi, nifanyeje. Lakini alama nilizopata hazikuwa za kuchekesha, na chini kabisa ya insha, kwa ile kalamu ya kijani, palikuwa na maneno mawili tu: "Na wewe?"

Nilimfuata ofisini kwake. Nikamweleza kwamba nyumbani mtu mwenye adabu hawaingilii wakubwa wawili wanaobishana na kusema fulani amekosea. Kazi yake ni kuwapatanisha. Nilidhani atacheka. Akavua miwani, akaniambia kupatanisha ni kuzuri, watu warudi kula meza moja. Lakini kesho asubuhi, akasema, mfugaji ama atafungua zizi ama hatafungua. Hawezi kulifungua nusu. Yule anayejua kusoma akikataa kusema anachofikiri, mfugaji ataachwa akisie.

Nilitoka pale na maneno hayo, Shangazi, na sikuwaza ng'ombe. Nilimwaza Bibi. Maana mwisho wa mwezi ama atapelekwa hospitali ama hatapelekwa, na mimi kila nikiulizwa nawagawia wewe na Baba nusu kwa nusu, halafu naulizia hali ya hewa.

Insha niliirudia. Nikashika upande wa zizi, nikasema kwa nini, nikakiri mahali ambapo yule mwingine ananizidi. Nikaisimamia mbele ya walimu watatu, nimevaa sketi uliyonishonea. Nimefaulu, si kwa kishindo, lakini sirudii muhula. Kitu kimoja kimenipendeza sana katika Kiingereza hiki: wasomi hawaitani waongo. Wanasema ushahidi wa ndugu yetu hautoshelezi. Wanachambana kwa adabu, ungewapenda.

Basi nimelifanyia kazi suala la Bibi kama nilivyofundishwa. Nimekwenda maktaba, nimesoma vya kutosha juu ya mtoto wa jicho kwa wazee, palipokuwa na maneno ya kitabibu nimemkalisha Kamanda anifafanulie. Na nimezipima hoja zenu moja moja. Usinune kabla hujamaliza.

Hoja yako kubwa ni yule mzee fundi viatu aliyepasuliwa akatoka haoni kabisa. Nilimtafuta binti yake kwa simu. Anasema baba yake alikuwa na presha ya macho kwa miaka mingi, na daktari aliwaambia tangu mwanzo kwamba upasuaji hautarudisha kilichokwishaharibika. Bibi amepimwa, hana ugonjwa huo. Halafu yule ni mtu mmoja, Shangazi. Hoja yako ya pili ni umri. Kote nilikosoma, umri peke yake haukutajwa kuwa kizuizi. Wanachoangalia ni afya ya mtu kwa jumla.

Baba naye asijione ameshinda. Hoja yake yote ni kwamba daktari kasema. Nilipomuuliza yeye alimwuliza daktari nini, akageuza mazungumzo. Na wewe una haki juu ya sukari ya Bibi: ni lazima itulie kwanza, na kama mwisho wa mwezi haijatulia, tarehe isogezwe. Hilo nimemwambia Baba waziwazi. Amenuna, lakini amekubali.

Siwezi kukuapia kwamba ataona kama msichana. Nasema tu kwamba yote niliyoyapata yanaelekea upande mmoja, na upande huo si wako. Bibi apelekwe. Sikugawii nusu safari hii. Si rahisi kuandika hivi, maana wewe ndiye uliyenilea na sijawahi kukupinga hata juu ya chumvi ya mchuzi. Najua unaogopa atakufia mikononi halafu watu waseme ni wewe uliyemruhusu. Mimi pia naogopa.

Lakini nilipopanga hoja zenu zote mezani, nikaona kuna pengo ambalo Mama Kwa Nini angelizungushia duara la kijani papo hapo. Wewe unasema Bibi hataki kusumbuliwa. Baba anasema Bibi anatamani kupona. Wote wawili mnamnukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza. Hivyo jana Jumamosi, ukiwa dukani, nilimpigia simu jirani yenu akampelekea Bibi simu uani. Usimlaumu jirani, nimemsumbua mimi.

Nilimweleza Bibi kila kitu bila kumficha, hatari zake pia, kwamba huenda isisaidie sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amechoka kuwatambua watu kwa vikohozi vyao. Akasema wewe, Shangazi, ukiingia hukohoi, na huwa anakaa akisubiri useme kitu ndipo ajue kama ni binti yake au mtu baki. Aibu inamzuia kuuliza ni nani. Anataka kwenda. Ila anataka uwe wewe utakayemshika mkono mlangoni, si Baba, kwa sababu Baba ana haraka.

Mfikishie salamu zangu binamu yangu Kipara, mwambie nywele zitaota tu, na mke wake, na pacha wao. Jirani mshukuru kwa simu. Baba na Mama nitawaandikia wenyewe wiki hii. Bibi mbusu mkono, na mweleze kwamba umeipata barua hii. Mungu aitulize sukari yake, akupe na wewe moyo mwepesi siku hiyo ya hospitali. Ukimaliza kusoma, kama bado hukubali, niandikie unipinge, nitasoma kila neno. Ila kabla ya kushika kalamu, nenda ukakae naye, umwulize.

Wako akupendaye, hata hapa anapokupinga,
Chiriku